Kibali Kikishatoka, Halmashauri Ina Kazi Gani?

Muhula huu chama chetu cha majadiliano kilikutana kujadili hoja hii: "Kazi kubwa ya taifa ikishakubaliwa na Serikali Kuu, halmashauri ya wilaya isiwe na neno tena." Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, wala sikushangaa, maana ni hoja inayopendeza masikioni. Reli yahitajika, bwawa lahitajika, umeme wahitajika. Kwa nini basi kazi iliyopimwa na wataalamu na kupitishwa na wakubwa isimame kwa kungoja saini ya bwana mmoja wilayani? Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Mwenyekiti alinipa dakika tatu tu, na dakika tatu hazikutosha. Kwa hiyo namwomba Mhariri nafasi niseme yaliyobaki.

Yafaa kwanza tujue kibali kikubwa husema nini. Husema: jengeni. Mara nyingi hakisemi kila lori litapita njia gani, udongo utamwagwa wapi, mashine zitaanza kunguruma saa ngapi alfajiri, wala shimo litafukiwa na nani. Mengi ya hayo hayajulikani siku ile ya kutia saini, hata kwa wenye kazi wenyewe, kwa sababu michoro ya mwisho huchorwa baadaye. Lakini mtu mwenye nyumba kando ya njia haishi na reli ile inayochorwa katika ramani ya nchi. Yeye aishi na vumbi, na lori, na shimo.

Msemaji wa kwanza wa upande wa pili alitutolea mfano wa Uingereza, akatuchekesha sana kwa habari za popo. Nadhani ni mfano huo uliovuta kura, basi na tuutazame vizuri.

Waingereza wanajenga reli ya mwendo wa kasi, iitwayo HS2, kutoka London hadi Birmingham. Bunge lao liliipitisha kwa sheria ya mwaka 2017, na sheria hiyo yenyewe ndiyo idhini ya kujenga. Tangu hapo hakuna halmashauri iwezayo kusema, "Reli hii hatuitaki." Neno hilo limekwisha. Hata hivyo Bunge liliziachia halmashauri zilizo njiani kazi ya kukagua mambo fulani: michoro ya madaraja na majengo, matuta ya udongo, namna ya kurudisha ardhi katika hali njema baada ya kazi, na njia za malori makubwa. Kwa habari ya malori wameandika mpaka idadi: lori likizidi tani 7.5, na safari za kuingia na kutoka mahali pa kazi zikizidi 24 kwa siku, njia yake lazima ikubaliwe na halmashauri. Mwanafunzi anayevuka barabara kwenda shuleni ataelewa mara moja kwa nini watu wazima walikaa wakahesabu malori.

Wala halmashauri hiyo haikupewa rungu la kupiga ovyo. Imepewa majuma manane ya kutoa jibu. Ikinyamaza, mjenzi aweza kukata rufani kwa Mawaziri kana kwamba amekataliwa. Na ikikataa, yapasa itoe sababu zilizotajwa katika sheria, kama vile usalama wa barabarani, kulinda mandhari ya mahali, au kuhifadhi mahali pa kale. Kusema tu kwamba wenyeji wamekasirika si sababu.

Sasa tuje kwa popo. Katika mwezi wa Novemba 2024 mwenyekiti wa kampuni ya HS2 wakati huo, Sir Jon Thompson, alieleza hadharani kwamba kampuni yake inajenga jengo refu juu ya reli karibu na msitu wa Sheephouse, katika jimbo la Buckinghamshire, ili popo wasigongwe na gari moshi, na kwamba gharama yake imezidi pauni milioni 100. Alisema pia kwamba kampuni ilihitaji vibali 8,276 kutoka mamlaka mbalimbali. Hapo ukumbi wetu ulivunjika mbavu. Lakini msemaji wetu hakutwambia yote. Jengo lile halikutakwa na halmashauri. Lilitokana na sheria ya kulinda wanyama, na waliolibuni ni wajenzi wenyewe. Halmashauri ya Buckinghamshire ilipoletewa michoro iliikataa! Kampuni ikakata rufani, ikashinda, jengo likaendelea. Kama mfano huu wafundisha jambo lolote, ni kwamba halmashauri ikikataa ipo njia ya kupita juu yake. Hauonyeshi hata kidogo kwamba diwani mmoja aweza kuifunga reli ya taifa kwa kufuli lake. Nakubali kwamba vibali 8,276 ni vingi mno, na mtu aweza kuuliza kwa haki kama vyote vilihitajika. Lakini kuvipunguza ni shauri moja, na kuifunga mdomo halmashauri ni shauri jingine.

Mfano ambao ningependa wenzangu waukumbuke zaidi ni wa Hillingdon, mtaa ulio magharibi ya London. Kampuni ile ile iliiletea halmashauri ya hapo ombi la kazi katika bonde la Colne, mahali ambapo huenda pana masalio ya watu wa kale ardhini. Halmashauri ikauliza: taarifa za masalio hayo ziko wapi? Tutakubalije jambo tusiloonyeshwa? Kampuni ikashikilia kwamba karatasi zilizoletwa zatosha, na Mawaziri wakawa upande wake. Halmashauri ilishindwa katika mahakama ya kwanza, haikukata tamaa, na mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Rufani ikaipa haki. Majaji walisema kwamba halmashauri hailazimiki kuamua ombi lisiloletwa pamoja na habari za kutosha. Tafadhali msomaji tulia hapo kidogo. Haki waliyoipata Hillingdon si haki ya kuzuia reli. Ni haki ya kusema, "Leteni karatasi kamili kwanza, ndipo tutajibu." Kwa maoni yangu hiyo ndiyo haki kubwa kuliko zote ambazo halmashauri yaweza kuwa nayo, kwani asiyeonyeshwa kitu akapiga muhuri hakutoa kibali, ameazima muhuri wake tu.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Ulaya, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Karibu na kijiji chetu ilijengwa barabara ya lami, barabara nzuri ambayo kila mtu aliishangilia, nami nikiwa mmoja wao. Moramu ilichimbwa katika malisho yetu. Kazi ilipokwisha mkandarasi aliondoka na mashine zake, akatuachia shimo pana kama kiwanja cha mpira. Wakati wa masika hujaa maji. Watoto huogelea humo, mbuzi hunywa humo, na mbu wamepata makao. Mama zetu huwakataza wadogo zetu wasikaribie, lakini nani awezaye kumlinda mtoto wa miaka saba mchana kutwa wakati wa kulima? Wazee walipokwenda kuuliza waliambiwa kwenye halmashauri kwamba mradi ule si wa halmashauri, ulitoka juu. Huko juu waliambiwa kwamba mambo ya mashimo ni ya wilaya. Hii ni masika ya pili tangu mkandarasi aondoke.

Wenzangu walioshinda mjadala watanijibu nini juu ya shimo hilo? Serikali Kuu haiwezi kuliona kutoka Dodoma, wala siilaumu kwa kutoliona. Wa kuliona ni yule aliye karibu. Na sheria yetu imekwisha kumtaja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Lakini afisa mmoja asiye na gari, mwenye wilaya nzima ya kutazama, na ambaye michoro hufika mezani kwake baada ya mashine kufika porini, atakagua nini? Waingereza humtoza mwombaji ada kila anapoleta ombi la namna hii. Sioni kwa nini mkandarasi wa mamilioni asilipe petroli ya mtu wa kumkagua.

Nisieleweke kwamba nataka halmashauri ikalie mafaili. Ofisi inayongoja kikombe cha chai kabla ya kutia saini ni balaa kama lile shimo. Ipewe siku zake zihesabiwe, na zikipita bila jibu mjenzi aende juu. Ila siku hizo zianze kuhesabiwa pale habari zote zitakapokuwa mezani, na moja ya habari hizo iwe mpango wa kufukia, pamoja na fedha zilizowekwa kando kabla moramu ya kwanza haijachotwa. Fedha hizo zikiwapo, mkandarasi aweza kuondoka atakavyo na shimo litafukiwa.

Baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi yeyote aruhusiwa kwenda kusikiliza. Wazazi wanaosoma ukurasa huu wana diwani wao, na wengi wamjua mpaka kwake. Wamwombe aulize katika kikao kijacho: katika mashimo yote yaliyochimbwa wilayani kwa ajili ya barabara, ni mangapi yaliyo na karatasi inayoonyesha nani atayafukia, na lini?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne