FIGA MOJA HALIINJIKI CHUNGU

Mtu wa Nyasubi, katika mji wetu wa Kahama, akitaka kununua gari huuliza kwanza, "Shilingi ngapi?" Swali hilo ni la haki, wala hatumlaumu mwenye kuliuliza, maana fedha iliyotafutwa kwa jasho machimboni, dukani au shambani haifai kutapanywa. Lakini siku hizi magari ya umeme yanatangazwa sana, na mtu aweza kushawishika kuweka kiwanja chake rehani ili apate moja la kufanyia teksi. Kwa ndugu wa namna hiyo twasema mapema: swali la bei halitoshi, na kwa gari la umeme halipasi kuwa la kwanza.

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Ununuzi wa gari hili nao una mafiga matatu: bei, kufikishwa, na matengenezo. Likikosekana moja, chungu chamwagika, na atakayelala na njaa si muuzaji aliye ng'ambo bali ni mnunuzi na watoto wake.

Kwanza tulipe gari lenyewe haki yake. Mwezi wa Agosti 2022 bei ya kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA ilifika shilingi 3,410 kwa lita mjini Dar es Salaam, na sisi wa bara tulilipa zaidi kwa sababu ya umbali. Tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa mfano tu. Gari dogo linalokunywa lita 8 kwa kilometa 100 litamla mwenyewe shilingi 24,000. Gari dogo la umeme huhitaji uniti 18 hivi kwa safari hiyo hiyo. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyowekwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, hata ukiongeza kodi na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, gharama haifiki shilingi 8,000. Basi mwenye teksi aendaye kilometa 100 kwa siku ataokoa shilingi 16,000 au zaidi. Hiyo si fedha ya kubezwa. Wala umeme wa kusafirishia watu si ndoto tena katika nchi hii: tangu mwaka 2024 treni ya umeme yachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na bwawa la Julius Nyerere lilijengwa kutoa megawati 2,115.

Lakini hesabu hiyo ni ya gari linalotembea. Gari likilala siku 60 likingoja kifaa kimoja kutoka ng'ambo, akiba ya shilingi 960,000 imekwisha kupotea, na pamoja nayo mapato yote ya miezi miwili, huku deni la benki halingoji.

Sasa tutazame figa la bei. Mara nyingi bei inayotangazwa kwa gari lililotumika Japani ni ya kulifikisha bandarini Dar es Salaam tu. Baada yake huja ushuru wa forodha, kodi na tozo nyinginezo, ambazo viwango vyake huweza kubadilishwa na bajeti ya kila mwaka; kwa hiyo yampasa mnunuzi awaulize TRA kabla ya kutuma hata senti moja. Tena, katika gari la umeme kitu cha thamani kuliko vyote ni betri, nayo huzeeka. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24 isiyokuwa na mtambo wa kuipoza kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba joto la kwao lilikuwa likizimaliza betri upesi. Sisi nasi twaishi katika jua kali. Gari hilo lina kipimo chenye alama kumi na mbili kinachoonyesha afya ya betri. Alama ya kwanza inapozimika, kiasi cha asilimia 15 ya nguvu imekwisha kwenda. Na wako wauzaji wasio waaminifu ambao hukirudisha kipimo hicho ili alama zote ziwake kwa muda. Gari la bei nafuu lenye betri iliyochoka ni sawa na ng'ombe mzuri asiye na maziwa.

Figa la pili ni kufikishwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kahama ni karibu kilometa elfu moja. Gari la petroli hukabidhiwa dereva, likajazwa mafuta njiani, likafika. Gari la umeme lenye betri ya uniti 24, hata lilipokuwa jipya, lilikwenda kilometa 120 hivi, kisha likahitaji kuchajiwa kwa saa nyingi katika soketi ya nyumbani. Huna budi kulipandisha juu ya lori, na gharama hiyo yapasa kuandikwa katika hesabu tangu mwanzo. Na likiisha kufika, mwenyewe ajiulize litakwenda wapi. Kwa mizunguko ya mjini litafaa sana. Safari ya Shinyanga, ambayo ni zaidi ya kilometa mia moja kwenda tu, itamtia mashakani.

Figa la tatu, ambalo watu hulisahau, ni matengenezo. Ni kweli kwamba gari la umeme halina oili ya injini, plagi wala ekzosi, na hivyo vya kuharibika ni vichache. Lakini matairi, breki na bushi ni zile zile, na barabara zetu za vumbi hazichagui gari. Kubwa zaidi ni kwamba betri yake ina umeme wa volti zaidi ya 300, ambao waweza kumwua fundi asiyefundishwa. Mafundi wetu ni hodari, na injini nyingi wamezifufua. Hata hivyo, uhodari wa injini si ujuzi wa umeme huo.

Jirani zetu wamelitambua jambo hili. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imewapa wenye pikipiki za umeme njia ya kubadilisha betri kituoni, hata dereva asibebe mzigo wa betri peke yake. Nchini Kenya, tangu mwaka 2022, BasiGo imewapa wenye mabasi utaratibu wa kulipia betri, kuchaji na matengenezo kwa kila kilometa. Katika nchi hizo mbili muuzaji hakukimbia baada ya kupokea fedha, bali alibaki na mnunuzi barabarani.

Kwa hiyo twashauri maswali yapangwe upya. La kwanza: ni nani atakayelitengeneza hapa Kahama, au angalau Mwanza, na vifaa vyake viko wapi? La pili: litafikaje, na kwa gharama ya nani? La tatu ndiyo bei. Muuzaji asiyekubali kuandika dhamana ya betri kwa karatasi, yenye miaka na kiwango cha nguvu, aachwe na gari lake. Vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya madereva navyo vinunue magari ya aina moja kwa pamoja, kwani magari kumi yanayofanana humvuta fundi na mwenye duka la spea, lakini magari kumi ya aina kumi hayamvuti mtu.

Wakuu nao wana wajibu. Yafaa cheti cha ukaguzi wa gari la umeme lililotumika kionyeshe nguvu iliyobaki katika betri, na vijana wa vyuo vya VETA wafundishwe kazi hii mapema, kabla ya ajali kutufundisha. Hatusemi watu wa Nyasubi wayaogope magari ya umeme. Twasema wayanunue wakiwa wamekwisha kuyapanga mafiga yote matatu.