Jiko la Maskini na Bajeti ya Kaunti

Mwananchi wa kipato cha chini hununua moto kwa vipimo vidogo vidogo. Makaa huyanunua kwa mkebe, mafuta ya taa kwa chupa ya nusu lita, na tokeni za stima kwa shilingi hamsini hamsini. Jirani yake mwenye mshahara hujaza mtungi wa gesi mara moja na kusahau. Mara nyingi, ukipiga hesabu ya mwezi mzima, utakuta yule mnyonge ndiye aliyelipa zaidi kwa kila chungu kilichochemka. Tumeizoea hali hii mno hata tumekoma kuiona kuwa suala la utawala. Sisi twaamini kuwa ni suala la utawala, na la sheria pia.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini Kenya zilipikia kuni, 11.6 makaa na 7.8 mafuta ya taa. Waliopikia gesi walikuwa asilimia 23.9 tu. Basi tazama jinsi wakuu wa Nairobi walivyoshughulikia gesi hiyo. Mwaka 2016 waliiondolea kodi ya ziada ya thamani. Mwaka 2021 wakairudisha kwa asilimia 16. Mwaka 2022 wakaipunguza hadi 8. Mwaka 2023 wakaiondoa tena. Ni mama gani atakayethubutu kuacha kuni kwa ahadi inayogeuka kila Bunge linapopitisha bajeti? Mafuta ya taa nayo yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kwa sababu matapeli walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mwizi alikuwa na lori, lakini adhabu ikatumwa kwa mwenye koroboi.

Katika haya yote, serikali ya kaunti imekaa kama mgeni asiyehusika. Kumbe inahusika sana! Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, limeikabidhi kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi na usimamizi wa kawi, palepale lilipoikabidhi masuala ya nyumba. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo imeitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Lakini mpango usio na fedha ni karatasi. Badala yake twashuhudia, hasa uchaguzi unapokaribia, mitungi na majiko yakigawiwa uwanjani kwa jina la mheshimiwa, na mpokeaji akitarajiwa kupiga makofi. Fedha za umma zinapomfikia raia kwa sura ya zawadi, raia huyo amenyang'anywa haki ya kuuliza kwa nini jirani yake hakupata.

Njia nyingine ipo, na haiko mbali. Tangu mwaka 2003 Afrika Kusini imekuwa na utaratibu wa kuzipa familia maskini uniti 50 za umeme kila mwezi bila malipo. Hazina ya taifa huzipa serikali za mitaa fedha za kazi hiyo katika mgao wao wa mapato, nazo ndizo zinazoandikisha wanaostahili. Mwaka 2007 ikaongezwa sera ya kuwasaidia wasiofikiwa na nyaya, kwa mafuta ya taa, gesi na kadhalika. Hatusemi kwamba wenzetu hao wamefaulu kikamilifu. Mgao huo hauna masharti, na familia nyingi zilizohesabiwa wakati wa kuugawa hazijawahi kuuonja, kwani fedha huishia katika matumizi mengine ya manispaa. Dosari hiyo ndiyo inayotufaa sisi kuisoma kwa makini.

Ibara ya 202 ya Katiba yetu inaruhusu kaunti kupewa fedha za ziada juu ya mgao wa kawaida, zenye masharti au zisizo nayo. Sisi twataka zenye masharti: fedha za kawi ya familia maskini zitengwe kwa fungu lake, zisiguswe kwa mishahara wala safari, na kiwango cha kila familia kiwekwe na sheria ya bunge la kaunti, si kwa hiari ya gavana.

Tutajibiwa kwamba kaunti hazina fedha. Ni kweli kuwa shilingi bilioni 387.4 zilizogawiwa kaunti zote 47 mwaka wa fedha wa 2024/25 hazikutosha mahitaji yote. Lakini uhaba haujazuia ununuzi wa magari. Pingamizi lililotutatiza zaidi ni la orodha: nani atawaandika maskini, na nani atawazuia wakubwa wasiandike shemeji zao? Hatupendi majina ya wahitaji yabandikwe ukutani, maana ufukara si kosa la kutangaziwa watu. Afadhali orodha ikaguliwe katika kila wadi na kamati yenye wazee, akina mama na watu wa makanisa na misikiti, na mtu aliyekataliwa awe na mahali pa kukata rufaa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila serikali ya kaunti ifikishe waraka wa mkakati wa fedha bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kifungu cha 137 cha sheria hiyohiyo kimeunda jukwaa la bajeti na uchumi, ambamo wawakilishi wa wanawake, wazee, walemavu, wafanyakazi na makundi ya dini wana viti. Waulizeni viongozi wa kanisa lenu ni nani anayekalia kiti hicho katika kaunti yenu, na mara ya mwisho alisema nini kuhusu kuni na mafuta ya taa.