Jicho la Angani na Udongo wa Chania



Kila masika, bahari iliyo mbele ya mlango wa Sabaki hugeuka rangi ya udongo. Wavuvi wa Malindi na Mambrui huitambua hali hiyo kabla ya kushusha ngalawa. Wengi wetu husema tu kwamba maji ya bara yameshuka, na mazungumzo yakaishia hapo. Juma hili tumeona vyema tuulize: ni bara ipi hasa, na ni nani awezaye kuuona mwendo wa udongo huo tangu mwanzo hadi mwisho? Jawabu limo katika elimu ya kuitazama ardhi kutoka mbali, kwa vyombo vilivyo angani.

Tutwae mfano wa Thika na Ruiru, miji miwili jirani iliyo kwenye barabara moja itokayo Nairobi. Mto Chania hushuka kutoka milima ya Nyandarua, hupomoka penye maporomoko yake mjini Thika, kisha huungana na mto Thika. Maji yao huingia Tana penye bwawa la Masinga, na safari yao ndefu huishia Kipini. Mto Ruiru nao huelekea Athi, ambao mbele ya safari huitwa Galana na hatimaye Sabaki, ukamwagika kaskazini ya Malindi. Majirani wawili, basi, hutuletea maji yao kwa njia mbili. Hakuna binadamu awezaye kusimama mahali pamoja akaziona njia hizo zote. Satelaiti huweza.

Msingi wa elimu hii ni nuru. Jua huimulika ardhi, na kila kitu hurudisha sehemu ya nuru hiyo kwa namna yake. Jani bichi hunyonya nuru nyekundu ili lijitengenezee chakula, likarudisha kwa wingi nuru ya infraredi, ambayo jicho letu haliioni. Maji safi huimeza infraredi karibu yote, kwa hivyo huonekana meusi katika picha yake. Maji yenye udongo hurudisha nuru nyekundu zaidi kuliko maji safi. Chombo kilicho angani hupima tofauti hizi, na kwa tofauti hizo hutenganisha msitu na shamba, shamba na paa, maji safi na maji machafu.

Watoto wetu wanaosoma hesabu wanaweza kuijaribu kanuni moja mashuhuri. Chukua kiasi cha infraredi kilichorudi, toa kiasi cha nyekundu, kisha gawa kwa jumla ya viwili hivyo. Tuseme shamba lenye majani mabichi limerudisha sehemu 50 za infraredi katika kila 100, na sehemu 5 za nyekundu: 45 kugawa kwa 55 ni kama 0.8. Tuseme udongo mtupu umerudisha 30 na 20: 10 kugawa kwa 50 ni 0.2. Jawabu likikaribia 1, ardhi imevaa mimea. Likikaribia 0, iko uchi. Na ardhi iliyo uchi ndiyo inayochukuliwa na mvua.

Satelaiti ya kwanza katika mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha za mfululizo huo hutolewa bure kwa kila mtu. Ulaya ilirusha Sentinel-2 ya kwanza mwaka 2015. Kwa kuwa kumbukumbu zimehifadhiwa, mtu aweza kuiweka Ruiru ya miaka ya themanini kando ya Ruiru ya leo, akaona mashamba ya kahawa yalivyogeuka mabati na lami. Akishuka hadi pwani, ataiona tope ya Sabaki ikifuata pepo tunazozijua: wakati wa kusi husukumwa kaskazini, na wakati wa kaskazi hushuka kusini kuelekea Malindi, kwenye matumbawe ambayo samaki wetu huzalia. Tana nao una mabwawa, na Masinga hunasa sehemu kubwa ya udongo uliotoka juu. Udongo huo hauleti tope baharini, lakini hulijaza bwawa.

Hata hivyo, jicho hili lina mipaka yake, na tunapenda wasomaji waijue ili wasidanganyike na picha nzuri. Kwanza, kila nukta ya picha ya Landsat ni kipande cha ardhi cha mita 30 kwa mita 30; cha Sentinel-2, katika rangi zake zilizo wazi zaidi, ni mita 10 kwa mita 10. Kijito chembamba cha juu ya Chania, kilichofunikwa na miti, hakionekani. Pili, mawingu huziba picha, nayo huwa mengi wakati uleule wa mvua tunapohitaji kuona. Hapo hutumika rada, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe na kupenya mawingu. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo upande mwingine, kwa hivyo mafuriko huonekana kama doa jeusi. Tatu, shamba la mananasi la Thika lililolimwa karibuni na kiwanja kilichosafishwa kwa ujenzi vyaweza kufanana vikitazamwa kutoka juu. Lazima mtu aende kwa miguu akahakikishe. Satelaiti ni shahidi, lakini ushahidi wake huhitaji kuulizwa.

Wala mambo haya si ya wageni peke yao. Nairobi, maeneo ya Kasarani, kipo kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975, kinachohudumia nchi kadhaa za Afrika. Kenya nayo ilirusha satelaiti yake ya kuitazama ardhi, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023. Hapa kwetu Ngomeni, jukwaa la San Marco lilirusha satelaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Hiyo ilitazama nyota, haikutazama ardhi.

Kwa nini tumeyaandika haya katika jarida la familia? Kwa sababu mvua inapokithiri, mama wa Garsen au Kipini ndiye anayehamisha watoto, nafaka na kuku, na siku mbili za tahadhari kwake ni mali kubwa. Na kwa sababu mkulima anayepanda nyasi kwenye ukingo wa Chania, au mjenzi anayeacha kiwanja wazi Ruiru, ni jirani yetu ijapokuwa hatujaonana naye. Haki za jirani tunazijua; sasa tumeoneshwa umbali zinakofika.

Tunawaomba wazazi wenye simu au kompyuta wakae na watoto wao, mabinti kwa wavulana, waifuate mito hii miwili katika picha zitolewazo bure, kutoka Malindi na Kipini hadi vilimani. Na masika yajayo, tukiiona bahari imebadilika rangi, tuulize udongo huu umetoka shamba la nani, na nini kifanyike ubaki huko.