Saruji Haifungi Vikapu

FILIMBI YA MWISHO
Na Mwamuzi Mstaafu

Kila chuo kidogo cha Marekani kinapopitisha bakuli kwa wahitimu wake ili kijenge au kipanue ukumbi wa mpira wa kikapu, hoja inayotangulizwa ni moja: tazameni Gonzaga. Chuo cha Wajesuiti, kule Spokane, jimbo la Washington, mbali na miji mikubwa, kilijenga ukumbi mwaka 2004, na leo hakuna mpenzi wa kikapu asiyelijua jina lake. Basi nasi tujenge, tutajulikana. Hoja hii inaudhi kwa sababu imegeuzwa miguu juu kichwa chini, na wanaoigeuza ni watu wenye shahada tatu ukutani. Mheshimiwa Mkasi, yule kigogo ambaye kazi yake ni kukata utepe kwenye uzinduzi, anaipenda kuliko zote. Si ajabu. Ndiyo hoja pekee ya elimu ya juu ambayo mwisho wake ni utepe.

Tuanze na tarehe, maana tarehe hazina ushabiki. Gonzaga ilianzishwa mwaka 1887, na kwa miaka mingi mtu wa nje aliijua kwa majina mawili: Bing Crosby, mwimbaji aliyesoma pale akaondoka bila shahada, na John Stockton, aliyekuja kung'ara na Utah Jazz. Machi 1999 timu yao, iliyopangwa namba 10 katika kundi lake, iliwatoa Minnesota, Stanford na Florida mfululizo, ikafika nane bora ya mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Huko ilizuiwa kwa pointi 67 kwa 62 na Connecticut, chuo ambacho Hashim Thabeet wetu angekuja kukichezea miaka michache baadaye. Kocha Dan Monson akahamia Minnesota, msaidizi wake Mark Few akakabidhiwa timu, na ukaanza mfululizo wa kufuzu mashindano hayo uliodumu zaidi ya robo karne. Sasa angalia walikokuwa wakicheza nyumbani. Ukumbi ulikuwa wa watu kama 4,000, na mashabiki waliuita Kennel, yaani banda la mbwa, kwa kuwa nembo ya chuo ni mbwa. Few aliifikisha timu kumi na sita bora mwaka 2000, na tena mwaka 2001, akitokea banda lilelile. McCarthey Athletic Center, iliyogharimu dola milioni 25 na kupewa jina la familia ya wafadhili, ilifunguliwa Novemba 2004. Ukumbi ulikuja miaka mitano na nusu baada ya timu kujulikana nchi nzima. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, wakakosa viti.

Na hata baada ya kupata fedha na sifa, walijenga viti 6,000 tu. Chuo kilichocheza fainali ya taifa mara mbili, mwaka 2017 dhidi ya North Carolina na 2021 dhidi ya Baylor, kingeweza kujidanganya kwamba kinastahili ukumbi mkubwa maradufu. Hakikujidanganya. Ukumbi mdogo uliojaa una faida ambayo haimo kwenye michoro ya wahandisi: wanafunzi wanasimama karibu na mstari wa pembeni kiasi kwamba mpinzani anayerusha mpira anasikia pumzi zao shingoni. Kuanzia 2018 hadi Januari 2023 timu ilishinda pale mechi 75 mfululizo. Ukumbi wa watu 12,000 walimoingia 4,000 ni chumba cha mitihani. Lakini wajumbe wanaotumwa Spokane kujifunza hurudi na picha za paa na vyumba vya kubadilishia nguo; hesabu ya viti huisahau ndegeni. Wala hawarudi na habari za maktaba. Crosby yuleyule, aliyeondoka bila shahada, ndiye aliyesaidia kupatikana kwa fedha za maktaba iliyofunguliwa pale mwaka 1957, na hakuna bodi ya wadhamini inayosimama na kusema tazameni Gonzaga, tujenge maktaba.

Tupige hesabu basi, kwa mfano wa kubuni lakini wenye viwango vya kawaida. Chuo cha wanafunzi 2,000 kinakopa dola milioni 25 kwa riba ya asilimia 5, kikilipa kwa miaka 30. Marejesho ni kama dola milioni 1.6 kila mwaka. Timu ya wanaume hucheza nyumbani mara 15 hivi kwa msimu, na ya wanawake vivyo hivyo. Tuseme jioni 30. Kila jioni inadaiwa zaidi ya dola 50,000 kabla taa hazijawashwa. Viti 3,000 vikijaa vyote, mechi zote, kila kiti lazima kilete dola 18 kwa ajili ya benki peke yake, na vyuo vya aina hii havijazi. Deni linalobaki huhamia kwa wanafunzi. Likigawanywa kwao lote, ni dola 800 kwa kila kichwa kwa mwaka, akiwemo yule wa uuguzi anayefanya kazi za zamu usiku na hajaona hata mechi moja. Katika vyuo vingi vya Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, vilivyo nje ya ligi kubwa, ndivyo mambo yalivyo tayari: ada na mfuko mkuu wa chuo ndivyo vinavyobeba michezo, mapato ya mlangoni ni nyongeza. Halafu yaje matunzo. Sakafu ya kikapu ni mbao za mepo. Hupigwa msasa na kupakwa vanishi upya, na unyevu ukizidi huvimba, hivyo mitambo ya hewa haina likizo hata Julai ukumbi ukiwa mtupu. Kuna bima, walinzi, wafagiaji, ubao wa matokeo unaotaka kubadilishwa kabla deni lake halijaisha. Mheshimiwa Mkasi hajawahi kuzindua kiyoyozi.

Watetezi wana majibu, na si yote ya kupuuza. La kwanza ni kwamba timu ikijulikana, maombi ya kujiunga huongezeka. Ni kweli, na Gonzaga ni ushahidi: wanafunzi wapya walianza kuongezeka mara baada ya 1999. Mara baada ya 1999, timu ingali bandani. Kijana wa California au Colorado alivutwa na alichokiona kwenye runinga, wala hakuuliza paa lina umri gani. Isitoshe soko lenyewe linanywea. Uzazi nchini Marekani ulianza kushuka na mdororo wa uchumi wa 2008, na watoto wa miaka ile ndio wanaofika umri wa chuo sasa. Anayekopa leo kwa kutegemea ada za wanafunzi wa miaka 30 ijayo anakopa dhamana ya watu ambao hawakuzaliwa. Birmingham-Southern, chuo cha Alabama cha tangu 1856, kilipitia njia hiyo ya kutamani ukubwa. Kilipanda Division I mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikashuka hadi Division III, daraja la chini, mwaka 2006, na muongo uleule kikajenga kwa kasi na kukosea hesabu za misaada ya wanafunzi. Mzigo ule hakikuutua tena. Mwaka 2023 mweka hazina wa jimbo alikataa kukikopesha, na 31 Mei 2024 kikafunga milango. Siku hiyohiyo timu yake ya besiboli ilikuwa uwanjani kwenye mashindano ya taifa ya Division III, imevaa jezi za chuo ambacho hakipo.

Jibu la pili ni la makocha: mchezaji mzuri haji kwenye ukumbi mbovu. Lilikuwa jibu zito hadi miaka michache iliyopita. Saint Peter's, chuo kingine cha Wajesuiti, cha Jersey City, kilikarabati ukumbi wake mdogo na kuufungua upya mwaka 2021, kwa mchango wa dola milioni 5 wa mhitimu wa mwaka 1968. Muungwana huyo hakutaka jina lake mlangoni. Ukumbi uliitwa Run Baby Run, kwa heshima ya timu ya mwaka huo wa 1968 iliyowafunga Duke. Msimu wa kwanza tu, Machi 2022, vijana wa Saint Peter's walioorodheshwa namba 15 waliwatoa Kentucky katika muda wa nyongeza, wakawatoa Murray State, wakawatoa Purdue. Hakuna namba 15 mwingine aliyewahi kufika nane bora. Nchi nzima ilimpenda mchezaji wao Doug Edert na masharubu yake membamba, hadi mgahawa wa mabawa ya kuku ukampa mkataba wa tangazo. Huo ndio ushindi ambao kila bodi huota ikisaini mkopo wa ujenzi. North Carolina ikawatoa Jumapili. Kabla wiki haijaisha kocha Shaheen Holloway alikuwa ameajiriwa Seton Hall, mchezaji KC Ndefo akamfuata huko, mwenzake Daryl Banks akaenda St. Bonaventure, Edert akaenda Bryant. Msimu uliofuata timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Ukumbi haukuhama, naam, na wala haukumzuia mtu.

Tangu wakati huo mambo yamekaza zaidi. Wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao mwaka 2021, na kuhama kumekuwa rahisi kuliko kubadilisha kozi. Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi iitwayo House, ya wachezaji dhidi ya NCAA: chuo kinachotaka kinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na waliocheza zamani wanafidiwa dola bilioni 2.8. Sehemu ya fidia hiyo inakatwa kwenye mgao wa NCAA kwa vyuo vyote vya Division I, hata vile vidogo ambavyo havikumdhulumu mtu kwa sababu havikuwa na cha kudhulumu. Mwenye dola milioni 5 leo anachagua kati ya viti na wachezaji, na viti haviwezi kumlinda mchezaji asinunuliwe. Chuo cha Saint Francis cha Loretto, Pennsylvania, kilifuzu mashindano ya Machi 2025, kikafungwa na Alabama State kwa pointi 70 kwa 68, na wiki moja baadaye bodi yake ikatangaza kwamba chuo kinashuka hadi Division III, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Ukifuzu unashuka. Anayetaka kupanua majukwaa katika hali hiyo angalau aeleze atamkalisha nani.

Jibu la tatu ndilo ninaloliheshimu. Wanasema timu bila nyumba hufa, na ukumbi si wa kikapu tu. Kuhusu nyumba, wako sahihi. Chuo cha St. Francis cha Brooklyn kiliuza majengo yake na kuhamia jengo lisilo na uwanja. Msimu wa 2022 hadi 2023 timu ya wanaume ikacheza mechi za nyumbani kwenye ukumbi wa chuo cha jirani, na Machi 2023 michezo yote ikafutwa. Paa linalovuja lizibwe, hakuna anayebisha. Kuhusu matumizi mengine, mfano wao bora ni wa karne iliyopita. Butler, chuo cha Indianapolis, kilijenga mwaka 1928 ukumbi wa watu 15,000 unaoitwa sasa Hinkle Fieldhouse, kwa fedha za wafanyabiashara wa mji, na kwa mkataba wa kupokea mashindano ya shule za sekondari za jimbo zima, katika jimbo ambalo kikapu cha sekondari ni sikukuu. Viti vilikuwa na wenyewe kabla ya msingi kuchimbwa. Wakati wa vita jengo likawa kambi ya askari. Mwaka 2010 na 2011 timu ya Butler ilicheza fainali ya taifa mara mbili mfululizo, ikitokea katika jengo lenye umri wa miaka zaidi ya 80, na jua la alasiri likipita kwenye madirisha yake marefu. Chuo kilipopata fedha za ukarabati, dola milioni 36 hivi, kilipunguza viti hadi 9,100, kikaweka vyenye mgongo. Kigali nao walijenga ukumbi wa watu 10,000 mwaka 2019, wakauza jina kwa Benki ya Kigali, wakaleta ligi ya Afrika na matamasha. Ila mwenye ukumbi huo ni serikali, si kitivo cha ualimu.

Imebaki hoja ya mfadhili, ambayo hutolewa kwa sauti ya chini kama siri ya familia: mzee huyu atatoa fedha kwa ukumbi au hatatoa kabisa, usipozipokea hazitakwenda maabara, zitakwenda kwa wajukuu. Nakubali. Zipokelewe, lakini kwa bei. Matunzo ya jengo kwa kawaida hula kama asilimia 2 ya thamani yake kila mwaka, na mfuko wa wakfu unaotunzwa kwa busara hutoa asilimia 4. Kwa hiyo kwa kila dola mbili anazotaka kumwaga kwenye zege, aweke moja kwenye wakfu wa taa, mbao na wafagiaji, na chuo kisikope hata senti kumalizia ndoto yake. Akikubali, jina lake liandikwe mlangoni kwa herufi za shaba na Mheshimiwa Mkasi aitwe. Akikataa, achongewe sanamu bustanini. Sanamu haina bili ya umeme.