Damu haingoji munganga



Leo tuzungumze juu ya garo, ni kusema mukanda wa kufungia mukono au muguu wakati damu inatoka nyingi na haitaki kusimama. Mutu anaweza kuisha damu kwa dakika chache, mbele ya ambulansi kufika. Kwa hiyo garo si kazi ya munganga peke yake. Ni kazi ya mwenzako wa ekipe.

Shuleni walinifundisha kufunga mupira wa kautshu na kuulegeza kila dakika 20, ili muguu upate kupumua. Kisha siku moja nikapokea mufanya kazi aliyekamatwa na ukanda wa kupitishia mawe. Wenzake walimufunga kwa waya ya umeme. Waya ilikata ngozi, lakini damu iliendelea kutoka. Tulimuokoa kwa shida. Toka siku ile ninajiuliza: garo nzuri ni ipi?

Waliochunguza sana jambo hili ni waaskari. Mwaka 2005 waganga wa jeshi la Marekani walitangaza matokeo ya kujaribu garo 7. Tatu tu zilifaulu kwa kila mutu: CAT na SOFTT, zenye kijiti cha kuzungusha, na EMT, inayojazwa hewa kama chombo cha kupimia tansio. Jeshi likachagua CAT kwa kila askari, kwani ni nyepesi na mutu anaweza kujifunga mwenyewe kwa mukono mumoja.

Wengine wanasema: «Garo inapoteza muguu.» Katika hospitali moja ya jeshi kule Baghdad, mwaka 2006, walifuata majeruhi 232 waliofungwa garo. Waliofungwa mbele ya kuanguka katika shoku, 90 kwa mia walipona. Waliofungwa nyuma yake, 10 kwa mia tu. Na hakuna aliyekatwa muguu kwa sababu ya garo peke yake. Basi kinachoua ni kuchelewa.

Mimi ninaona hivi. Ekipe zote zipewe garo ya namna moja, yenye kijiti, na kila mutu ajifunze kuifunga hata macho yakiwa yamefungwa, maana chini ya udongo taa inaweza kuzimika. Garo ya mazoezi isirudishwe katika sanduku la kazi, kwani inachoka. Tena tusinunue zile za kuiga za bei rahisi: kijiti chake kinavunjika wakati wa kuzungusha.

Mushike haya:

1. Kandamiza kidonda kwanza kwa nguvu. Damu ikiruka au isiposimama, funga garo.
2. Funga juu ya kidonda, mbali nacho kama santimetre 5 hadi 7. Usifunge juu ya goti wala kiwiko.
3. Zungusha mpaka damu isimame. Mugonjwa atalia, usiache. Isiposimama, weka garo ya pili kandokando ya ile ya kwanza.
4. Andika saa. Usilegeze tena. Mupeleke hospitali mbio, mbele ya saa mbili kupita.

Nyumbani, panga likikata mutoto shambani au pikipiki ikimuponda mutu barabarani, na garo hakuna, chukua kitambaa chenye upana wa santimetre 5 na kipande cha muti kigumu cha kuzungushia. Usitumie waya wala kamba nyembamba: inakata nyama, na inahitaji nguvu nyingi kuliko mukanda mupana.

Kapita, uliza leo asubuhi: garo yetu iko wapi? Wakikujibu kwamba iko katika kabati, na ufunguo uko kwa mwenye stoo, ujue kwamba ekipe yako haina garo.