Bahari inang'aa, nyuso zimezama gizani

Wadau, picha za ufukweni zinafanana mno: jua linachomoza Bagamoyo au linazama Ujiji, anga kama moto, na mvuvi kageuka kivuli cheusi kisicho na sura. Tunashangilia, "picha kali hiyo!" Mimi nasema tunajipunja.

Kamera ikielekezwa kwenye jua inapunguza mwanga wote ili anga lisiungue, na aliyesimama mbele anazama gizani. Hata mchanga mweupe inaufanya wa kijivu. Dawa si ngumu: pima mwanga usoni mwa mtu, anga likififia kidogo poa tu. Halafu mstari wa maji usikate picha katikati. Upandishe, mchanga na watu wapate nafasi.

Mtauliza, mtu wa Tabora na bahari wapi na wapi? Fukwe hizo mbili ni ncha za njia moja ya misafara, na Tabora iko katikati. Tangu 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Pale Kwihara, wageni wanaonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Jina lake kila mtu analijua. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, na watumwa waliofungwa minyororo, wengi hatuna hata majina yao.

Hao historia ilishawageuza vivuli. Waliopo leo tusiwageuze sisi wenyewe, tena kwa makusudi, eti kwa ajili ya anga. Mnasemaje?