Muhogo wa nazi si wa Ramadhani tu

Wadau, Hawaii wana chakula chao, loco moco: wali, nyama ya kusaga ya kukaanga, yai juu, mchuzi mzito. Inasemekana kilianzia Hilo mwaka 1949, kwa vijana waliotaka kushiba kwa bei poa. Hadi leo wanakipika majumbani. Sisi je? Muhogo unalimwa Fukayosi na vijiji kibao vya Bagamoyo, lakini vijana wa Dar tunaupika kwa nazi mwezi wa futari tu. Miezi mingine ni chipsi mayai!

Tusisingizie kazi. Menya, pasua, toa mzizi wa katikati. Onja kidogo, ukiwa mchungu tupa wote, ile ni dalili ya sianidi, hapo hakuna ubishi. Chemsha bila kufunika. Ukilainika weka kitunguu, nyanya, tui jepesi. Tui zito mwisho, moto mdogo, koroga lisikatike. Changu wa kukaanga pembeni, jamani!

Eti ukila muhogo Jumatano ya kawaida, watu wanakuuliza kama umeishiwa. Dharau hiyo ndiyo siielewi. Mkulima wa Fukayosi naye ana watoto wa kusomesha mwaka mzima.